Plasta ya Vidole Viwili

Toledo, Ohio
24 Julai

Mzee Verlyn,

Wakala wako ametuletea onyo: hutaongea na mtu yeyote wa timu, si kwa simu, si kwa ujumbe, mpaka mkataba usainiwe. Sawa. Barua hakuitaja. Nimekwenda posta kununua stempu, na yule mama wa dirishani akaniuliza kama ni za babu yangu.

Leo kambi imefunguliwa. Joto ni lile lile, ukivua kofia jasho linamwagika kama umeinamisha ndoo. Mara ya kwanza katika miaka mitano nimejipanga kwenye ukuta wetu wa watu watano wanaomkinga mrushaji, nikageuza shingo kushoto, nisikuone. Pembeni wamemweka mtu anaitwa Kowalczyk, ameshaachwa na timu mbili za futiboli ya Kimarekani kabla ya kuja kwetu. Si mtu mbaya. Ila ananuka kitunguu saumu, na kila akinikanyaga anaomba samahani. Wewe umenikanyaga miaka mitano na samahani yako sijaisikia hata siku moja.

Ofisini msimamo wao ni ule ule. Upokee nusu ya ulichokuwa ukilipwa au ubaki huko huko na viazisukari vyako. Faini yako ya kila siku wameibandika mlangoni ili sote tuione. Magazeti yanaandika umri wako kwa herufi kubwa, thelathini na tano, na mstari unaofuata lazima uwe wa Desemba: kwamba mtu uliyepaswa kumzuia alikupita, akamwangukia Teague mguuni, goti la mrushaji wetu likavunjika pale kwenye theluji na msimu ukaishia hapo. Kila siku Desemba, Desemba.

Mzee, unajua ninachotaka kuandika hapa. Nimekaa nimeshika kalamu muda mrefu na sijakiandika.

Alhamisi iliyopita tulikwenda kula kule kwa Wahungaria, ukuta wote, kama kawaida. Kiti chako cha mwisho wa meza hakikukaliwa na mtu. Mwenye baa akaleta sahani yako ya kuku wa paprika bila kuulizwa, ikapoa pale pale, na hakuna aliyethubutu kuigusa, hata Big Amos.

Halafu nani atakufunga plasta? Tangu Oktoba iliyopita, kila mechi, mimi: kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kulia, mizunguko mitatu, kaza. Watu wa tiba wakija unawafukuza. "Mwacheni Dogo, yeye ndiye anayejua." Leo nimejikuta nimeshika ile plasta, mtu wa kumfunga hayupo.

Rudi bwana.

Dogo wako,
Ladarius Petway


Hallock, Minnesota
31 Julai

Dogo,

Usishangae mwandiko. Ni wa Janelle, mke wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu nimejikata kiganja na waya wa ua. Si kitu, kitapona. Anasema nikitukana hataandika, kwa hiyo salamu zangu kwa ofisi nitazileta mwenyewe.

Kuja siji. Waambie nimesema hivyo hivyo. Bei yangu ni ile ile ya mwaka jana, na wailipe yote hata nikiumia. Senti moja sipunguzi. Miaka kumi na minne nimesimama pembeni kushoto nikipokea vichwa vya wanaume wenye kilo mia na thelathini ili mtu mwingine arushe mpira apigiwe makofi. Wakitaka nusu ya bei, watafute nusu ya mtu.

Sasa hilo ambalo hukuliandika. Nitaliandika mimi, maana wewe utakufa nalo kooni. Desemba wale wawili wa upande wa pili walipishana: wako akaja kwangu, wangu akaja kwako. Ni kazi ya mtu wa ndani kuona na kupiga kelele "Badili!" Mtu wa ndani ni wewe. Hukupiga kelele. Jumatatu kwenye chumba cha video, kocha Burdette akasimamisha picha, akauliza, "Hili la nani?" Nikasema, "Langu." Tulikuwa tunalijua watu wawili, na sasa ni watatu, kwa kuwa Janelle anaandika.

Sheria ya ukuta unaijua. Mtu akishasema "langu," limekuwa lake. Haliulizwi mara mbili, wala mwenzake halichukui baadaye akiona huruma. Ukiruhusu hilo leo, kesho kila kosa litakuwa na mawakili.

Kwa hiyo funga mdomo ucheze. Ulisaini mkataba wa miaka minne mwezi wa tatu, mama yako ana nyumba mpya Alabama, kaa nayo kwa amani. Na huyo mla kitunguu saumu mwambie asirudi nyuma haraka, atakuwa anakutazama wewe badala ya mtu wake.

Viazisukari vimekaa vizuri mwaka huu. Mvua imekuja kwa wakati.

Verlyn Haugstad


Toledo
9 Agosti

Mzee,

Barua yako nimeisoma nimeketi garini, maana nyumbani mchumba wangu angeniuliza kinachoniliza.

Unasema nikae na nyumba ya mama kwa amani. Amani gani? Kila nikimpigia, ananionyesha kitu kipya: baraza, jiko, feni. "Mungu amekukumbuka, mwanangu." Namwitikia amina huku nafsi inanisuta. Mkataba wangu niliusaini wiki kumi na mbili baada ya goti la Teague, na kwenye karatasi zao niliandikwa hivi: Petway, hana kosa kubwa msimu mzima. Lile moja lilikuwa limeandikwa kwako.

Sasa sikiliza, na usinikatize, ingawa huwezi.

Jumanne Kessinger aliniita ofisini. Meneja mkuu mzima, kanitengenezea kahawa kwa mkono wake! Nikajua hapa kuna jambo. Akaongea habari za joto, akaongea habari za mama, kisha akasema, "Ladarius, wewe ulikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Ile ya Desemba, mzee kapungua mwendo, si ndiyo?"

Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Alishasema mwenyewe."

Basi. Maneno mawili. Si uongo, ulisema kweli. Lakini yeye akaandika, nami nikaona anavyoandika, nikanywa kahawa yake nikamaliza. Siku iliyofuata gazeti likasema hata wenzako wa ukutani wanakiri. "Wenzake," ndivyo walivyoandika, na mwenzako wa upande wa kushoto ni mmoja tu, mimi.

Mzee, mimi ni mwoga. Nimeliandika sasa, lipo kwenye karatasi. Wanakunyang'anya kazi kwa kosa langu, na mimi ndiye niliyewashikia tochi. Usiku silali, na nikilala naliona lile goti.

Niruhusu niseme. Sikuombi kingine. Neno moja tu kutoka kwako, kesho yake naingia ofisini.

Dogo


Hallock
16 Agosti

Ladarius,

Hapana.

Janelle anasema neno moja ni jibu fupi mno kwa mtu anayelia garini, kwa hiyo nitaongeza. Hapana, na usiniulize tena.

Ulichomwambia Kessinger hakijanidhuru. Ungekaa kimya angeandika kimya chako. Wale watu wameshaamua. Wanatafuta wino tu. Waache waamue. Wakininyima, wameninyima, nitakuwa mtu ambaye timu ilimfanyia ubahili baada ya miaka kumi na minne. Hapa Hallock watanipa mkono kanisani na kuwalaani Toledo mpaka nife. Nitaishi na hilo bila shida. Janelle hataki kuandika sentensi hiyo, lakini ameiandika.

Wewe una miaka ishirini na sita. Ukisema leo kwamba uliliacha kosa lako kwa mtu mwingine miezi minane, hakuna mtu wa ukuta atakayekugeuzia mgongo tena bila wasiwasi. Ukuta ni hivyo tu, kumpa mwenzako mgongo. Usiubomoe wote kwa ajili ya mzee anayetaka kukaa nyumbani kwake.

Nimesema vibaya. Anayetaka kulipwa haki yake. Janelle, futa hiyo.

Amekataa kufuta.

Bei yangu haishuki. Wakala wangu ananiambia nishuke kidogo, na wao watapanda kidogo, tukutane katikati. Nimemwambia hakuna katikati. Kila wiki ananiuliza kama nina wazimu. Mwambie yeyote anayeuliza: Haugstad hashuki.

Kiganja bado.

Verlyn


Toledo
25 Agosti

Mzee! Mzee wangu!

Nimekuasi. Kaa chini kwanza. Mama Janelle, ukisoma hii, mkalishe.

Ijumaa asubuhi, chumba cha video, ukuta mzima, na Teague naye yumo kwa kuwa goti limeruhusiwa kuanza mazoezi mepesi. Kocha Burdette anatafuta video ya jana. Nikasimama. Nikasema, "Kocha, tuwekee ya Desemba." Akaniambia nikae, lilishasemwa. Nikasema, "Lilisemwa na asiye mwenyewe."

Big Amos aliacha kutafuna, na unajua Big Amos hata msibani hutafuna. Kocha akaiweka. Tukaona wale wawili wanapishana, tukaniona mimi nimeganda, mdomo umefungwa, namtazama mtu ambaye hayupo tena mbele yangu. Akasimamisha. Hakuuliza. Nikasema, "Langu. Lilikuwa langu tangu siku ile, na Haugstad alijua."

Teague alinyanyuka polepole. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Akasema, "Miezi minane nimemchukia mtu siye." Akatoka. Mpaka leo hajaniongelesha. Kocha amenivua unahodha wa ukuta, na jioni ile ile kwa Wahungaria nilikula peke yangu kwenye kaunta, hakuna aliyeniita mezani. Ni haki yao. Mkataba wangu hawawezi kuugusa, lakini jina langu limekwenda, na ajabu ni kwamba nimelala. Usiku ule nililala saa kumi mfululizo.

Sasa sikia uhondo. Jumamosi Kessinger kaniita, safari hii bila kahawa. Anatembea huku na huku. Waandishi wa habari wameshapata, mashabiki wamesimama langoni na mabango yenye jina lako, jezi yako imekwisha dukani. Akasema, "Mwambie rafiki yako ameshinda." Nikamwuliza kashinda nini. "Bei yake yote. Na analindwa hata akiumia. Aje asaini Jumatatu ya tarehe nane, acheze Jumapili ya kumi na nne."

Bei yote, Mzee! Wakala wako atakuwa ameshakupigia. Kiti chako nimekifuta vumbi kwa mkono wangu. Plasta mpya nimenunua, ile nyeupe unayoipenda, isiyonyonyoa malaika ya vidole.

Nitukane utakavyo, lakini njoo.

Dogo, asiye na cheo


Hallock
29 Agosti

Mpendwa Ladarius,

Mwandiko huu umeshauzoea, lakini leo maneno ni yangu. Verlyn yuko shambani na hajui kwamba naandika. Tafadhali usipige simu. Yeye ndiye anayeipokea, na atakuapia mbele ya Biblia kwamba ni mzima.

Hakuna waya wa ua. Kiganja hakijakatwa.

Mkono wake wa kulia unakufa ganzi. Ulianza na vile vidole viwili, Oktoba mwaka jana. Sasa umefika kwenye kiwiko, kuna asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Mwezi wa Aprili nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alituonyesha picha ya shingo yake na kidole chake hakikuondoka mahali pamoja. Alisema kichwa kimoja kibaya kikimwingia, kimoja tu, mume wangu hatatembea tena. Verlyn alimshukuru, akalipa, na njiani akanunua mbegu za nyanya.

Nilimwambia astaafu. Akasema atasema nini? Kwamba anaogopa? Baba yake alilima na mguu wa bandia miaka ishirini. Katika watu hawa mwanamume haachi kazi, kazi ndiyo inayomwacha. Basi akapata wazo, nami nikalikubali, Mungu anisamehe. Angeomba bei ambayo Toledo hawawezi kulipa. Wangemkatalia. Wangekuwa wao waliomfukuza, si yeye aliyekimbia, na hakuna mtu hata mmoja angehitaji kujua habari za shingo. Ndiyo maana hakushuka senti moja. Ndiyo maana Desemba aliiacha shingoni kwake. Ilikuwa ndiyo sababu yao nzuri ya kumkataa.

Halafu wewe ukasimama ukasema kweli, wakamlipa.

Nimejaribu kutokulaumu. Asubuhi naweza, jioni siwezi. Lakini mimi ndiye niliyeandika zile barua. Kila uongo wake umepita kwenye kalamu yangu, na mkono wangu ni mzima. Nilikuona unavyoteseka, nikaandika "hapana," nikalamba bahasha nikafunga.

Sasa anafunga mizigo. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akaniuliza leo ninapika nini. Anasema wameshalipa bei, mwanamume hawezi kutaja bei, ikakubaliwa, akaikimbia. Daktari wa timu atampima mkono, lakini anajua jinsi ya kumdanganya. Kila jioni jikoni anajizoeza na binti yetu Kirsten: anamkamata mkono anaubana kwa vidole vitatu vizima, ili daktari asitambue viwili vilivyokufa. Mtoto akimwambia, "Kidogo zaidi, Baba," anaanza upya.

Mimi hanisikii tena. Wewe anakuogopa kidogo tangu umwasi. Fanya unaloweza.

Janelle Haugstad


Toledo
2 Septemba
Kwa haraka

Verlyn,

Leo sikuiti Mzee.

Mke wako ameniandikia. Usimgombeze, mimi ndiye uliyepaswa kuniambia.

Nilipomaliza barua yake nilikwenda kwa kocha nikaomba ile video tena. Akanitazama, "Hujachoka nayo?" Nikakaa nayo peke yangu mchana kutwa. Miezi minane nilikuwa najitazama mimi tu, mdomo wangu, woga wangu. Safari hii nilitazama mkono wako wa kulia.

Mtu wangu anakuja kwako. Unamwona. Verlyn, unamwona mapema! Bila kelele yangu, umeshageuka, miguu iko mahali pake. Unampiga kwa mkono wa kushoto, unampiga kwa wa kulia, na wa kulia unafunguka. Vidole haviko. Anapita pale pale penye ile plasta niliyoifunga mimi, mizunguko mitatu, kaza.

Hukusema "langu" kuniokoa mimi. Ulisema kwa sababu ulijua. Miezi minane umeniacha nione umenibebea mzigo, nikulie kwenye karatasi, niitwe mwoga na nafsi yangu, na wewe ulikuwa unajua goti la Teague limevunjwa na mikono yetu wote wawili.

Nami sijatakata. Nilifunga vile vidole tangu Oktoba. Nilikuona unavyoukung'uta mkono baada ya kila pigo. Nilikuona unaacha kikombe kikuanguke. "Uzee, Dogo." Nikacheka. Sikuuliza, kwa sababu ungenijibu, halafu ningelazimika kufanya kitu. Ukuta wetu ulikuwa hodari wa kusema "langu" baada ya mtu kuvunjika. Kabla yake hatukusema kitu.

Kwa daktari sitakwenda. Hutanisikia nikikusema nyuma ya mgongo wako, hilo nimelifanya mara moja kwa Kessinger na linatosha. Lakini mimi sikufungi. Ukija Jumatatu ukaniletea hivyo vidole, nitaiweka plasta chini mbele ya watu wote na utafute mtu mwingine wa kukufunga. Na ukisimama pembeni Jumapili, atakayekuwa nyuma yako ni Teague, kwa goti lile lile.

Nakupenda kama kaka wa tumbo moja. Usije kufa mbele yangu.

Ladarius


Hallock
13 Septemba

Dogo,

Huu ni mwandiko wangu. Umechukua siku tatu na karatasi sita, kwa hiyo usiucheke. Janelle alitaka kuandika nikamwambia zamu yake imekwisha.

Hukuniona Jumatatu. Nilipanga hivyo, nifike saa mlipo uwanjani. Nilisimama nyuma ya uzio kidogo. Kowalczyk bado anarudi nyuma haraka.

Kessinger alikuwa ameshaweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Bei yangu yote, kama ulivyosema. Alikuwa na mpiga picha. Nilikuwa nimekuja nikiwa sijaamua, nakwambia kweli. Maili elfu moja nimeendesha na barua yako mfukoni na bado nilikuwa sijaamua. Nikanyoosha mkono nichukue ile kalamu na ikanianguka. Mpiga picha akaniokotea. Ikaanguka tena. Akaiokota tena, akacheka kwa adabu. Nikamwambia atoke.

Nikamwambia Kessinger yote, tangu Oktoba. Alinisikiliza vizuri. Nilipomaliza alivuta zile karatasi kwake polepole, kwa heshima kabisa, akazigeuza kifudifudi. Akasema timu itatoa taarifa nzuri. Nilimwambia aandike kwamba nimeacha mwenyewe kwa sababu naogopa. Akasema si lazima. Nikamwambia ni lazima.

Kisha nikamtafuta Teague. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha mashine, goti limefungwa barafu. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule. Nilimwambia, "Desemba nilisema langu na hukujua ni kwa nini. Mkono wangu ulikuwa umekufa, nilijua tangu Oktoba, nikasimama mbele yako hivyo hivyo wiki tisa. Petway alichelewa, lakini mimi nilikuwa sipo." Nilimwomba akuongeleshe tena. Kwa upande wangu sikuomba kitu.

Halafu Teague akanyoosha mkono, akanishika wa kulia. Nilimwona anaubana. Dogo, alinibana kwa nguvu mpaka vidole vyake vikawa vyeupe, na mimi sikusikia kitu.

Kesho tutakuangalia kwenye televisheni. Kirsten atanikalia mkono huo anikomeshe kurusha vitu.

Kiti changu mpe Kowalczyk. Sahani asipewe iliyopoa. Na kama siku moja atakuletea vidole umfunge, mfunge, wewe ndiye unayejua. Lakini kabla hujakata plasta, muulize vina nini.

Verlyn